Kabla hujapakia Fuso la msaada

Watu wengi wakisikia kimbunga kimepiga Kusini, swali la kwanza ni "tupeleke nini?" Mimi huwa nauliza nani ana boti huko, na anatoza kiasi gani. Unga utaupata hata Mbagala. Kazi iko pale lami inapoishia.

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, ardhi ilikuwa imeshashiba mvua za El Niño, na bonde la Rufiji lilikuwa chini ya maji tangu Aprili. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, malori yakapanga foleni upande huu na ule. Vikundi vilivyomaliza michango yote kwenye vyakula vikabaki kuomba lifti. Kwa hiyo mkichanga, tengeni theluthi nzima kwa ajili ya usafiri, makuli, mafuta ya boti, na bodaboda wa kutoka barabarani hadi vitongojini. Wachangiaji hawapendi kusikia hivyo, wanataka picha ya viroba. Waambieni hivyo hivyo.

Chakula kipigiwe hesabu, kisikadiriwe kwa macho. Kipimo kinachotumika sana kwenye maafa ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 6 inakula kilo 2.4, kwa hiyo kiroba cha kilo 25 kinawafikisha siku 10. Ukiwapa kilo 5 umewapa siku mbili, na pengine nauli ya kuja kuzifuata imezidi thamani yake. Ni heri mhudumie kitongoji kimoja kikatosheka kuliko kugawa vijipakiti kata nzima.

Maharage niliacha kupeleka. Yanataka moto wa saa mbili, na baada ya mafuriko kuni zote zimelowa. Choroko, kunde na dagaa wakavu vinaiva upesi. Mitumba nayo jamani, tuiache! Inajaza nusu ya gari, inachambuliwa hadi jioni, na ndani unakuta makoti ya baridi kwa watu wa Kilwa. Nafasi hiyo weka maturubai, vyandarua, khanga, taulo za kike, sabuni, ndoo zenye mfuniko na vidonge vya kutibu maji. Vyoo vikishabomoka na visima kufurika, kipindupindu hakiko mbali.

Ukishajua unapeleka nini, piga simu wilayani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na hao ndio wanaojua kijiji gani kimeshapata na kipi hakijaguswa. Kufika kimyakimya na gari lako ndiko kunakofanya vijiji vya kando ya barabara vipate mara tatu.

Lakini orodha utakayopewa usiichukue kama msahafu. Mtendaji wa kijiji ana daftari la wakazi, na daftari halijui nani alikuwa wapi siku ya maji. Bondeni Rufiji watu wanahamia kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, mashambani msimu wa kilimo. Pwani kuna wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ufukweni kwa muda, wametoka wilaya nyingine, hawamo kwenye daftari lolote la hapo. Tuma watu wawili siku moja kabla, wapite na mabalozi wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba, kisha majina yasomwe hadharani mkutanoni. Kelele zitakuwepo, na zinasaidia. Bibi mmoja alisimama akamwambia mwenyekiti, "Mwanangu, mmeniandika kwa kijana wangu, na yeye yuko Mafia na mkewe. Hicho kiroba nitakula nikiwa wapi?" Watu wakacheka, mwenyekiti akanyoosha jina palepale. Ungegawa bila kusoma, bibi yule angerudi nyumbani mikono mitupu na wewe ungeandika kwamba kaya zote zimepata.

Siku ya kugawa, mzigo uwe umeshafungwa kwa kaya. Kupimapima unga mbele ya watu wenye njaa ni kutafuta vurugu. Chagua shule au uwanja wa zahanati, si nyumbani kwa mwenyekiti wala ofisi ya chama chochote. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu watangulie, na asiyeweza kubeba apewe kijana wa kumbebea. Anza asubuhi, maliza saa nane, maana wengine wanarudi kwa mtumbwi na giza halina adabu. Picha, pigeni mzigo na saini. Kumsimamisha mzee wa watu ashike kiroba mbele ya bango lenu, huko sipo kabisa.

Kitu ambacho vikundi vingi havikifikirii ni mbegu. Maji yakirudi mtoni, watu wa Rufiji wanapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye tope lililobaki, na waliopoteza akiba ya mbegu hawana cha kutia ardhini. Muulizeni afisa ugani wa kata aina gani inawahi kukomaa pale, mahindi, choroko au kunde, mnunue mifuko yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na muiwahishe ardhi ikiwa bado na unyevu. Ikiwezekana ipande gari moja na unga. Safari ya pili mara nyingi haina wachangiaji.