Nahesabu sadaka, mahubiri yananipita

SWALI: Shikamoo, mwinjilisti. Mimi ni karani wa usharika wa Kilutheri huku Moshi vijijini. Kila Jumapili mahubiri yakianza, mimi na wazee wawili tumejifungia ofisini tunahesabu sadaka. Tukitoka ni mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: ndizi, mayai, mara jogoo. Mwaka wa 3 huu, nahisi nimekauka rohoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jogoo namjua. Mwaka mmoja alinitoroka mikononi katikati ya mnada, akapanda madhabahuni, na mchungaji hakucheka hata kidogo.

Nadhani hujakauka, umechoka. Waambie wazee wa kanisa sadaka ifungwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ihesabiwe baada ya ibada. Watanung'unika kwamba chakula cha mchana kitachelewa. Kichelewe. Wakikataa kabisa, omba zamu, ili angalau Jumapili 2 kwa mwezi ukae kwenye benchi kama muumini mwingine.

Halafu nenda jumuiya ya mtaani kwako, na huko wakikuomba uandike kumbukumbu, kataa. Karani akionekana tu, watu humpa kalamu.

Zaburi ya 84 inamsifu bawabu wa nyumba ya Mungu, ambaye bila shaka naye mengi ya ndani yalimpita. Mimi hunisaidia kitu kidogo: kabla ya kugonga muhuri kwenye cheti cha ubatizo, nalisoma jina la mtoto kwa sauti, namwombea, ndipo nagonga.