Barua kwa mwanangu: kisichosomeka hakijachapwa

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama CV ya kuombea ile kazi ya usanifu wa grafiki Dar uitie rangi na michoro ili wajue wewe ni msanifu, au uiache nyeupe kama ya mhasibu. Umenitumia zote mbili nichague. Nimezichapa nikazilaza mezani, na nilichotazama kwanza si rangi. Nilitazama jina letu.

Kwenye ile ya rangi, ritifaa ya ng', kile kialama cha juu baada ya g, imesimama wima, kama ile ya kuandikia futi. Kwenye ile nyeupe imepinda inavyotakiwa. Mtu anayeajiri wasanifu hulinasa hilo kabla hajafika kwenye elimu yako, maana ndiyo makosa anayoyasahihisha kutwa. Wala usiniambie ni jambo dogo, wewe uliyeshika kalamu kwenye kadi za harusi ya shangazi yako. Ile fonti ya maua uliyoipakua haikuwa na ritifaa. Pale ilipopaswa kukaa pakabaki pengo, na ukoo wetu ukakatika vipande viwili kwenye kadi 250. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, niliiona kwenye simu, nikasema chapa. Siku tatu kabla ya harusi tukakaa mkekani, mimi, wewe na bibi harusi mwenyewe, tukitia ritifaa moja moja kwa kalamu ya dhahabu, bibi yako akihesabu. Ulikuwa kidato cha tatu. Nikiiona ile kadi kwenye albamu hadi leo moyo unanichoma. Kisha nakumbuka kwamba mkono wako haukutetemeka hata kwenye kadi ya mwisho, napoa.

Kisichosomeka hakijachapwa. Umelisikia neno hilo tangu utotoni, lisikie tena, kwa sababu CV yako ina wasomaji wawili, na wa kwanza huenda akawa mashine. Kampuni nyingi hupitisha maombi kwenye programu inayochambua maneno kabla mtu hajayaona. Kwenye karakana yetu ya uchapaji tumekufundisha kugeuza herufi kuwa michoro kabla ya kupeleka faili kwenye mtambo, ili fonti isipotee njiani. Kwenye CV usifanye hivyo kabisa. Herufi ikishakuwa mchoro, mashine haioni neno. Ndiyo maana pia CV isitengenezwe Photoshop na kuhifadhiwa kama picha. Itengeneze InDesign, programu ya kupanga kurasa, toa PDF yenye maandishi hai, yanayonakilika. Ifungue, chagua maneno yote, yanakili, yabandike kwenye Notepad. Nimelifanya hilo kwa zako. Ile ya rangi imetoa jina la chuo katikati ya namba ya simu, kwa sababu safu zako mbili zimesomwa kwa kukatisha ukurasa.

Ningekuambia basi uweke safu moja tu, yakaisha. Lakini safu mbili zikipangwa vizuri zinampumzisha mtu macho, na anayeajiri ni mtu. Ukizitaka, gawanya A4 hivi: pambizo milimita 20 kila upande, safu nyembamba 50, nafasi 8, safu pana 112. Safu pana iwe na kazi ulizofanya, nyembamba iwe na elimu na programu. Simu na barua pepe zikae juu, ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye kichwa cha hati, kwa kuwa programu nyingine huruka sehemu hiyo. Halafu rudi Notepad uone mpangilio umetoka vipi. Ukikataa kunyooka, safu moja, mwanangu.

Maandishi ya kawaida yawe pointi 10, mstari hadi mstari pointi 14. Jina lako pointi 22 au 24, linatosha. Fonti ya familia moja yenye unene mbalimbali inabeba kila kitu, na kabla hujaipenda, andika kwanza jina letu uone kama ritifaa ipo.

Sasa rangi uliyoiuliza. Weka moja, na iwe nzito. Chungwa lako linang'aa kwenye kioo, lakini CV ikichapwa kwenye printa ya leza ya ofisini yenye wino mweusi tu, linakuwa kijivu, na printa hiyo haina wino wa kijivu. Hukijenga kijivu kwa vitone vyeusi. Herufi ya pointi 8 iliyojengwa kwa vitone, kingo zake zinameguka. Bluu ya usiku au kijani cha chupa hubaki na umbo lake. Na lile bango jeusi lenye maandishi meupe madogo liondoe, wino unajaa matumboni mwa herufi.

Kilichonisumbua zaidi ni vile vipimo vya ujuzi: Photoshop asilimia 85, Illustrator asilimia 90. Asilimia 85 ya nini? Mwenye kazi hawezi kuipima, na anayejua programu hizo atajiuliza ile 15 iliyobaki ni ipi. Andika ulichokifanya nazo. Umeandika "nilishiriki kwenye vifungashio." Mbona hukutaja kwamba ni vifungashio vya unga vya kilo 1, 2 na 5, kwamba wewe ndiye uliyechora lebo na kuandaa mafaili ya kuchapia? Kitenzi, kitu, idadi, kisha sehemu yako kama mlikuwa wengi. Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi ondoa. Ukurasa mmoja unakutosha.

Kazi zenyewe chagua 8 hadi 12, kwenye kiungo kifupi kinachobonyezeka na kusomeka hata kikiwa kwenye karatasi. Kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Kiungo cha Google Drive kinachomwomba mgeni ruhusa ni mlango uliofungwa. CV isizidi megabaiti 2, na kwenye jina la faili ritifaa usiitie, hapo pekee, kwa sababu mifumo mingine huikataa.

Ipi kati ya hizo mbili? Jibu nililiandika hapa, nikalifuta. Nikikutajia utaituma kwa sababu baba kasema, na mezani kwao sitakuwepo kuitetea. Mama yako ananihimiza niseme, nami ulimi unaniwasha. Rekebisha zote mbili kwanza. Zichape kwa nyeusi tupu, unitumie picha zake pamoja na maneno ya Notepad, na safari hii prufu sitaiangalia kwenye simu.

Baba yako