Soma daftari likiwa limefungwa

Tangu nianze chuo kitu kilichobadilika sana kwangu sio wingi wa vitu ninavyojua, ni namna ninavyojipima kama nimeelewa. Zamani nikisoma ukurasa mara tatu, nikapiga mistari ya rangi kila mahali, maneno yakaanza kuteleza tu mdomoni, basi najua hii topiki nimeimaliza. Siku hizi hiyo hisia siiamini kabisa, maana kitu ukishakizoea sura unaona kama unakijua, kumbe wapi.

Sasa hivi kabla sijagusa notsi nachukua karatasi tupu naandika chochote ninachokumbuka kuhusu somo, hata kikiwa ovyo ovyo, alafu ndo nafungua niangalie nimeacha nini. Mwanzoni inauma usiombe, jana umekesha unasoma na leo karatasi ina mistari miwili tu! Usikate tamaa hapo, kule kuhangaika kukumbuka ndo kusoma kwenyewe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha utafiti ambao wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma, kuna waliorudia kusoma na kuna waliojaribu kuandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikua juu, ila baada ya wiki 1 mambo yakageuka, waliojaribu kukumbuka wakawaacha wenzao mbali. Na mtihani gani unakuja dakika 5 baada ya kusoma jamani?

Pia gawanya muda, nusu saa leo na nusu saa keshokutwa inashinda saa nzima ya mkupuo. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, aliliona hili tangu 1885 kwa kujikaririsha silabi zisizo na maana yoyote, sijui alikua na moyo gani yule mzee.

Lakini kukumbuka peke yake hakutoshi na hapa ndo fikra zangu zimegeuka kweli. Chukua mpira uliorushwa juu wima, ukifika kileleni kasi yake inakua sifuri, sawa, je mchapuko, yani kiwango cha kasi kubadilika? Wengi wanajibu fasta sifuri, na hao hao ukiwapa swali la kukokotoa wanakokotoa vizuri tu na kanuni zote wanazo kichwani. Sasa jiulize, mchapuko ungekua sifuri pale juu nini kingetokea? Mpira ungebaki unaning'inia hewani, kwasababu hakuna kinachobadilisha kasi yake. Dunia inauvuta muda wote, ni 9.8 m/s² kwenda chini, kileleni na kwingine kote. Hilo swali la "ingekua sio hivyo ingekuaje" nalitumia hadi kwenye historia na uchumi, na mara nyingi linanionyesha kwamba jibu nililokua nalo nilikua nimelikariri tu.

Kama una mtu wa kusoma nae, mweleze somo kwa mdomo bila kushika daftari, ila chagua mtu vizuri. Anaeitikia "ee, ee" mpaka mwisho hakusaidii kitu, yani bora uongee na ukuta. Tafuta mbishi. Wangu mimi ananikera kweli, akishasema "subiri, hapo umeruka" najua kabisa leo hatuondoki mapema, na kila akisema hivyo nakuta kweli nimeruka.