Kibonyeo cha bánh bèo: kwa nini hakitokei?

SWALI: Mhariri wa upishi, nimejaribu mara tatu kupika bánh bèo, vile vikeki vya mchele vya Vietnam vinavyoivishwa kwa mvuke katika visahani vidogo. Kila mara hutoka bapa, hutafunika kama mpira, na havina kibonyeo cha katikati ninachokiona katika picha. Huchanganya unga wa mchele na unga wa muhogo kwa kiasi sawa ili vishikane. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa la kwanza umelitaja mwenyewe. Kinachotakiwa ni wanga wa muhogo, ule mweupe mno unaotoa mlio mdogo ukiuminya kwa vidole, wala si muhogo mkavu uliosagwa, na hata huo wanga hutiwa kidogo tu: kwa gramu 200 za unga wa mchele wa kawaida, gramu 30 zinatosha. Ukizidi, keki huvutika na uso wake hukataa kubonyea. Unga wa mchele wa kunata usiuguse kabisa kwa mapishi haya.

Changanya unga wa mchele wa kawaida na ule wanga, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi na mililita 550 za maji, kisha uuache utulie kwa muda usiopungua saa 2, au usiku kucha ndani ya friji. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo roho ya mapishi yenyewe. Unga hunywa maji taratibu na kuzama, maji yakabaki juu. Yachote kwa upawa bila kuutibua, yapime, yamwage, na urudishie kiasi kilekile cha maji ya moto huku ukikoroga. Harufu ya unga mbichi hupungua, na rojo hupata uvuguvugu. Liwe jepesi, la kuchuruzika kutoka kwenye upawa bila kukatika.

Sasa kibonyeo. Huko Huế, mji wa Vietnam uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945, bánh bèo huandaliwa katika visahani vilevile ilimoivia, na kile kibonyeo ndicho kinachopokea mchuzi na vikolezo. Ndiyo maana mpishi wa huko hukijali sana, nawe una haki ya kukidai.

Hupatikana kwa sahani ya moto. Paka visahani mafuta kidogo sana, uviweke vitupu ndani ya mvuke kwa dakika 5, ndipo umimine rojo lisilozidi kina cha nusu sentimita, ukikoroga kila unapochota kwa sababu unga huzama upesi. Ukingo unaogusa sahani huganda mara moja ilhali katikati bado ni majimaji. Keki inapopoa, katikati hushuka. Sahani baridi huivisha yote kwa pamoja, nawe unabaki na keki bapa. Funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, kwa maana tone moja la mvuke likidondoka hutoboa uso mzima. Moto uwe mkali, kwa dakika 5 hadi 7. Usiikwangue keki ikiwa bado moto, maana itanata na kuchanika. Iache ipoe kabisa.

Juu yake tia kamba wadogo waliokaushwa na kusagwa, majani ya vitunguu yaliyomwagiwa mafuta ya moto, na sosi ya samaki iitwayo nước mắm iliyozimuliwa kwa maji, sukari na pilipili.

Kabla ya kujaza sufuria nzima, pika kwanza kisahani kimoja. Kikitoka kigumu na bapa, ongeza vijiko viwili vya maji ya moto katika rojo. Kikitoka tepetepe na kukataa kushikana hata baada ya kupoa, ongeza kijiko kimoja cha unga wa mchele, ukoroge vizuri, ujaribu tena.