Mlipuko ukianza, wengi wanaochelewa kuchanja hawajakataa

Timu ya chanjo ikirudi jioni na idadi ndogo, ripoti huandikwa kwa haraka kwamba jamii imekataa. Mara nyingi si kweli. Wanaokataa katakata huwa wachache. Kundi kubwa ni la wanaosubiri, na kila mmoja ana anachokisubiri. Ukikijua, unaweza kumpunguzia siku, na kwenye mlipuko siku ndizo zinazookoa. Aliyekutana na mgonjwa wa surua akichanjwa ndani ya saa 72 anaweza kuepuka ugonjwa, ilhali chanjo ya homa ya manjano huchukua kama siku 10 kabla ya kuwakinga wengi waliochanjwa.

Wapo wanaosubiri ugonjwa usogee. Mlipuko ukitangazwa kwa jina la mkoa mzima, mtu husema huo ni wa huko. Tangazeni kata na mtaa wenye wagonjwa, kila siku, kwa namba zilezile zilizo kwenye daftari la kituo. Ila msimtaje mgonjwa wala nyumba yake. Familia moja ikinyanyapaliwa, wagonjwa wanaofuata watafichwa.

Kundi kubwa zaidi linasubiri kuona waliotangulia wamekuwaje, na hapa ndipo kampeni nyingi huharibika. Kwa kuwa mlipuko umeshaanza, baadhi ya wanaochanjwa leo tayari wana maambukizi mwilini. Wataugua kesho kutwa, na jirani atahesabu siku na kuhitimisha kwamba sindano ndiyo iliyowaletea. Jaribio la chanjo ya Ebola lililofanyika Guinea mwaka 2015 linaonyesha jambo hili vizuri: lililinganisha waliochanjwa papo hapo na waliochanjwa baada ya siku 21. Hata kwenye kundi la kwanza wapo waliougua siku za mwanzoni, lakini kuanzia siku ya 10 hakupatikana mgonjwa mpya kati ya waliochanjwa papo hapo. Waelezeni watu hili kabla ya sindano ya kwanza. Likisemwa baada ya mtu kuugua, linasikika kama kisingizio.

Maudhi madogo ya chanjo nayo yatajwe kwa siku zake. Kumwambia mzazi "atapata homa kidogo" hakutoshi. Kwa surua, mwambie hivi: "Sehemu ya sindano inaweza kuuma kwa siku moja au mbili. Kati ya siku ya 6 na ya 12 anaweza kupata homa, pengine na vipele vichache, halafu vinaisha vyenyewe. Ukiona degedege, anapumua kwa shida au amelegea, mlete upesi." Homa hiyo huwapata takriban asilimia 5 hadi 15 ya watoto. Mama aliyeambiwa atatulia ikija. Asiyeambiwa atawaonya majirani, na atakuwa anasema alichokiona kwa macho yake.

Kuna ucheleweshaji ambao chanzo chake ni sisi watoa huduma, na huu ndio unaonikera kuliko wote. Vichupa vingi vya chanjo ya surua vina dozi 10, na chanjo ikishachanganywa inamwagwa ukipita muda wa saa 6. Mchanjaji akiona watoto wawili tu, anaogopa kuulizwa kuhusu upotevu, hivyo anawaambia wazazi warudi siku nyingine. Mmoja harudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na msimamizi alitamke hilo waziwazi na kuagiza akiba ya kufidia dozi zitakazomwagwa. Saa za kazi ni hivyohivyo: kituo kinachofunga saa tisa alasiri hakiwafikii wanaotoka kazini saa kumi na moja.

Ulizeni pia nani anaamua nyumbani. Anayemleta mtoto na anayetoa ruhusa wanaweza kuwa watu wawili, na "nitafikiria" mara nyingi maana yake ni "sijamuuliza baba yake" au "bibi hajakubali". Muombe akuunganishe naye kwa simu hapohapo, au panga kurudi jioni akiwepo.

Uvumi usijibiwe kwa hotuba. Muulize mtu amesikia nini hasa, umwache amalize, kisha ujibu hilo tu. Aliyeuliza kama chanjo inaharibu uzazi hahitaji kuelezwa mnyororo baridi, yaani jinsi chanjo inavyotunzwa kwenye baridi. Jibu likitoka kwa mtu anayemfahamu tangu zamani, kama mkunga au mwalimu wa watoto wake, hufanya kazi upesi kuliko la mgeni aliyeshuka kwenye gari.

Kwenye fomu ya kila siku ongezeni safu moja: sababu ya kutochanja leo, kwa maneno ya mhusika mwenyewe. Jioni, kabla ya kupanga njia ya kesho, zihesabuni. Nyumba zilizosema "baba hayupo" zirudiwe baada ya saa za kazi, na zilizoogopa homa apelekwe mzazi wa jirani ambaye mtoto wake ameshavuka siku ya 12.