Geuza jiwe, lakini subiri masika yapite

Mwaka nilioanza kupima usafi wa mito ya milima ya Uluguru kwa kuangalia wadudu wake, nilikosea vibaya. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nikaingia Mto Morogoro kule juu mteremkoni, maji bado ya baridi, nikageuza mawe zaidi ya ishirini na kuambulia vijidudu vitatu. Nikawaambia wakulima waliokuwa wakinitazama kwamba mto wao umeharibika. Mama mmoja aliyekuja kuchota maji akaniuliza, "Mwanangu, kwani mvua ya juzi hukuiona?" Sikuwa na jibu. Niliporudi Agosti, mawe yaleyale yalikuwa yamejaa wadudu.

Mafuriko hubingirisha mawe na kukokota kila kilichojishikiza chini yake. Kwa hiyo pima kiangazi, mto ukiwa umetulia kwa wiki kadhaa. Neno nililowaambia watu wale bado linaniuma, maana walinisadiki.

Kwa nini wadudu, wakati tuna chupa za sampuli? Maji ya chupa yanakueleza saa ile uliyoyachota tu. Sumu iliyomwagwa usiku, asubuhi imeshateremka Ngerengere ikielekea Ruvu, mto unaonyweshea Dar es Salaam. Tunutu, yaani mdudu mchanga, aliyekaa chini ya jiwe kwa wiki au miezi hana pa kukimbilia. Yaliyopita yote yamempitia yeye.

Weka wavu upande wa chini wa mkondo, vuruga mawe kwa mguu, kisha mwaga ulichonasa kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Sasa tulia, usiliguse. Takataka zitazama, na wadudu wenyewe wataanza kujongea. Mwenye mwili bapa na mikia mitatu, matamvua yakipepea ubavuni mwa tumbo, ni efemeroptera. Mwenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu ni plekoptera. Efemeroptera ana ukucha mmoja tu. Ukiona kijiti kinatembea, kitazame vizuri: huenda ni trikoptera, aliyejigandishia ala ya vijiti au mchanga kwa hariri yake mwenyewe. Hawa wengi wao wanataka maji yenye oksijeni ya kutosha.

Ila usifurahie kila mkia unaouona. Wako efemeroptera wadogo wanaochupa kama visamaki, na baadhi yao huvumilia uchafu. Ndiyo maana miniSASS, kipimo rahisi kilichotoka Afrika Kusini, huwapa alama 5, ndugu zao wengine 11, na plekoptera 17. Minyoo hupata 2. Unajumlisha alama, unagawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Hiki ndicho ninachomshauri anayeanza, kwani hakihitaji hadubini. Ukishazoea, Tanzania tuna TARISS, inayokwenda hadi kwenye familia za wadudu.

Vitabu vya Ulaya navyo vitakutisha bure. Kule plekoptera ni wa aina nyingi. Huku kwetu karibu wote ni Neoperla. Ukimpata huyo mmoja, umepata.

Chini ya mji utakutana na mabuu mekundu, yenye hemoglobini kama damu yetu, inayoyawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Uwepo wao si kosa, hata maji safi wamo. Shaka inakuja wanapobaki peke yao. Na huko kwenye maji yaliyolala, yenye konokono, vaa buti kwa ajili ya kichocho.

Ukimaliza, warudishe wadudu, na kila jiwe lilale upande lilivyolala; chini yake kuna mayai.

Yule mama sasa ana sinia lake. Juni alinipigia simu: juu ya bustani za mboga tunutu wapo, hatua hamsini chini yake hakuna hata mmoja. Nikamwuliza, "Mama, kuna mtu anasuuzia bomba la kupulizia dawa mtoni?"

"Yupo," akasema. "Njoo twende wote tukaongee naye."