Kwa mnaoanza kusoma mafaili ya COBOL kwa Java

Vijana wanaojiunga nasi hapa Mtwara kusoma kwa Java mafaili yaliyoandikwa na programu za COBOL kwenye mainfremu (kompyuta kubwa za mashirika), karibu wote hulifungua faili kwanza kama maandishi ya kawaida, na wakikuta alama za @ zimejaa kila mahali huniambia kuwa faili limeharibika. Halijaharibika. Mainfremu za IBM hutumia EBCDIC, mfumo wake wa kuwakilisha herufi kwa baiti, ambamo nafasi tupu ni baiti 40 kwa heksadesimali, na baiti hiyo hiyo kwa ASCII, mfumo wa kompyuta za kawaida, ni @.

Faili lililoharibika kweli halina dalili hiyo, nalo ndilo la kuogopwa. Anayelihamisha kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta) katika modi ya maandishi huwa amebadilisha kila baiti kutoka EBCDIC kwenda ASCII, zikiwamo zile ambazo si herufi hata kidogo. Chukueni uga uliotangazwa PIC S9(5)V99 COMP-3, yaani namba yenye alama ya chanya au hasi, tarakimu 5 kabla ya nukta na 2 baada yake, iliyobanwa katika baiti 4: kila baiti hubeba tarakimu 2, isipokuwa ya mwisho, ambayo nusu yake ni alama, C kwa chanya na D kwa hasi. Kiasi cha 12,405.00 huhifadhiwa kama 12 40 50 0C. Kikipita katika ubadilishaji huo, 40 huwa 20, na 50, ambayo kwa EBCDIC ni &, huwa 26, huku baiti nyingine mbili zikibaki zilivyo; programu yenu itasoma 12,202.60 bila kulalamika. Mimi nilikaa siku mbili nikitafuta kosa ndani ya msimbo wangu, kumbe lilitokea kabla sijaandika hata mstari mmoja. Ombeni mafaili yahamishwe kwa modi ya bainari.

Mkulima wa korosho wa huku hapewi stakabadhi ya ghala kabla mzigo wake haujapimwa. Nanyi msipokee faili bila idadi ya rekodi na jumla ya angalau uga mmoja wa fedha, vyote vikiwa vimehesabiwa kwenye mainfremu kwenyewe.

Kopibuku, yaani maelezo ya COBOL ya mpangilio wa uga katika rekodi, nayo iwe ya toleo lile lile lililoandika faili. Rekodi za urefu usiobadilika hazina alama ya mwisho wa mstari, kwa hiyo ukubwa wa faili ukigawanywa kwa urefu wa rekodi haupaswi kuacha baki. V ya kwenye PIC haina baiti yake, maana nukta ya desimali haihifadhiwi. Kwa fedha tumieni aina ya Java iitwayo BigDecimal, kamwe si double. Penye neno REDEFINES kwenye kopibuku, baiti zile zile zina maana mbili, na mara nyingi kanuni ya kuchagua imo ndani ya programu ya COBOL wala si kwenye kopibuku, hivyo hapo hata maktaba nzuri ya Java ya kusomea mafaili haya kama JRecord huhitaji kuelekezwa.

Majina yakisomeka vizuri lakini mabano ya mraba yakageuka alama nyingine, jaribuni IBM1047 badala ya IBM037, ambazo ni aina mbili za EBCDIC.